Mshahara unaishia kwa wakopeshaji kabla sijaushika. Je, wanaweza kunifunga?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa, na mshahara wangu huingia benki kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana mwanangu mdogo alilazwa ghafla na pesa ya matibabu ikahitajika siku ile ile. Nikachukua kwa simu mkopo wa kusubiria mshahara. Pesa iliingia hata kabla sijamaliza kusoma masharti. Nikajiambia, hii nailipa mshahara ukitoka na mambo yanaishia hapo.

Kweli niliulipa, lakini kilichobaki hakikunifikisha hata katikati ya mwezi, nikarudi kukopa kule kule. Mwezi uliofuata nilishindwa kulipa wote. Wakaniambia nilipe ada tu, mkopo wenyewe utasogezwa mbele. Nikawa nasogeza tu. Baadaye nikakopa kampuni ya pili ili niimalize ya kwanza, kisha ya tatu ili niwanyamazishe hao wawili. Sasa nina madeni matatu, na yote kwa pamoja yanazidi mshahara wangu wa mwezi mzima.

Mshahara wa mwezi uliopita uliingia usiku. Asubuhi nilipofungua simu nikakuta wawili wameshakata chao, na kilichobaki hakitoshi hata kodi ya nyumba. Yule wa tatu alipokosa, matusi yakaanza. Anapiga alfajiri, anapiga usiku wa manane. Juzi alinitumia ujumbe huu, naunakili ulivyo: "TAARIFA YA MWISHO. Kesho saa 4 asubuhi maofisa wetu na polisi watafika ofisini kwako kukukamata kwa wizi. Lipa leo." Kesho yake hakuja mtu, ila mwenzangu wa kazini alipokea ujumbe kwamba mimi ni tapeli na kwamba yeye ndiye mdhamini wangu. Sikumwandikisha mtu yeyote, Shangazi. Namba yake waliitoa kwenye simu yangu.

Mume wangu hajui lolote. Nikisikia simu inaita nikiwa naye, tumbo linanikata.

Je, wanaweza kunifunga kweli? Wanaweza kumlazimisha mwajiri akate mshahara wangu? Nimewaza nibadili namba nipotee. Kuna mtu pia amenipigia akisema kampuni yake hufuta madeni yote, ila nitangulize ada. Na nimepata ujumbe kwamba nimeidhinishiwa mkopo mkubwa zaidi. Nichukue nizibe haya matatu?

Sikatai kulipa. Nilikopa na nitalipa. Ila sijui nianzie wapi.

Aliyebanwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Naona maji yamekufika shingoni, lakini umeandika mapema kuliko unavyodhani. Hukuniambia unaishi nchi gani, na sheria za mikopo hutofautiana, kwa hiyo nitakutajia za nchi kadhaa ili ujue cha kuulizia kwenu.

Nianze na jela, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hatafungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Mkopo ni mkataba. Polisi hawakusanyi marejesho, na mkopeshaji hana uwezo wa kutoa hati ya kukukamata. Mkopaji hujiingiza kwenye jinai akidanganya tangu mwanzo, kwa mfano akikopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine au karatasi za mshahara za kughushi. Na zipo nchi ambazo hundi isiyo na fedha ni kosa. Zipo pia ambako mahakama inaweza kumweka ndani mtu mwenye uwezo wa kulipa anayekaidi amri yake makusudi. Wewe huna hata kimoja katika hayo. Ule ujumbe wa saa 4 asubuhi ulikuwa uongo uliotungwa ili ukope kwingine ulipe siku hiyo hiyo.

Usiufute. Uhifadhi pamoja na rekodi ya simu walizopiga, tarehe na saa, na umwombe mwenzako wa kazini akutumie picha ya ule aliopokea yeye. Huo ni ushahidi dhidi yao.

Kwa sababu walichokifanya kwa mwenzako, mahali pengi, ni kinyume cha sheria. Kenya ilitunga kanuni za watoa mikopo ya kidijitali mwaka 2022, chini ya Benki Kuu, na kanuni hizo zinakataza vitisho, matusi, kumwaibisha mdaiwa na kutumia orodha ya namba zilizo kwenye simu yake pale anaposhindwa kulipa. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume ya kupokea malalamiko. Marekani ina sheria ya mwaka 1977 inayowabana mawakala wa kukusanya madeni: hawaruhusiwi kupiga kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, hawaruhusiwi kutishia kukukamatisha, na kwa kawaida hawaruhusiwi kumweleza mtu wa tatu habari za deni lako. Mwenzako naye anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe, kwani namba yake imetumiwa bila ridhaa yake. Mwambie pia asiogope, hawezi kuwa mdhamini kwa kuandikwa tu na mtu mwingine. Udhamini unahitaji ridhaa ya mdhamini.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa hapo ndipo pesa yako inapopotelea. Chukua mkopo wa 100 wenye ada ya 15 kila wiki mbili. Ni kiwango cha kawaida kabisa katika biashara hii. Ukilipa ada tu na kusogeza mbele, ndani ya wiki 12 umeshatoa 90. Bado unadaiwa nini? 100 ile ile. Hujapunguza hata senti. Ukiendelea hivyo mwaka mzima umelipa 390 na mkopo wako uko palepale. Wanaita ada, si riba, na 15 inasikika ndogo, lakini ukiitafsiri kwa mwaka ni karibu asilimia 390. Ndiyo maana walikuwa wepesi kukuruhusu usogeze. Mkopaji anayesogeza ndiye anayewapa faida kubwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya barua na kabla ya malalamiko: usilipe tena ada ya kusogeza. Na huo mkopo wa nne usiuguse. Najua unavutia, unaona wadai watatu watageuka mmoja. Lakini ukiwa na riba kama hizi utakuwa umeongeza ada mpya juu ya ada za zamani, na kwa hali uliyonayo nina hakika ungekuwa na wanne, si mmoja. Kuunganisha madeni kuna maana pale tu riba mpya iko chini sana, kama mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au wa mwajiri usio na riba. Kama upo mlango wa namna hiyo, ubishe. Ule ujumbe wa "umeidhinishiwa" si mlango huo.

Huyo anayetaka umtangulizie ada afute madeni, mkatie simu. Hana uwezo wa kufuta deni la kampuni nyingine. Akichukua ada atatoweka, au atakwambia uache kuwajibu wadai wako huku faini zikipanda.

Na kubadili namba ili upotee? Hapana, mwanangu. Unaweza kuzima simu usiku, unaweza kuwataka wakuandikie badala ya kupiga, na hiyo ni haki yako. Lakini ukitoweka kabisa hutajua wakikushtaki. Wito wa mahakama utapelekwa kwenye anwani uliyoiacha, siku ya kesi hutaonekana, na hukumu itatolewa bila neno lako, kwa kiasi wanachokidai wao pamoja na gharama. Deni ambalo ungeweza kulipinga linakuwa hukumu, na hukumu ndiyo inayowafungulia njia ya kukata mshahara.

Hapo kwenye mshahara ulikuwa na swali. Mkopeshaji hawezi kumpigia tu mwajiri wako amwamuru akate. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato yoyote ya mshahara yafuate masharti yaliyowekwa na sheria za nchi au makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi, na unataka mshahara ulindwe kwa kiasi kinachomwezesha mfanyakazi kujikimu yeye na familia yake. Sheria za nchi nyingi zimeweka kikomo cha makato kutokana na msingi huo. Lakini angalia kama kwenye fomu ulizobofya hukusaini idhini ya kukatwa mshahara. Kama ulisaini, nenda ofisi ya utumishi uliza kimya kimya wamepokea nini na sheria inaruhusu kiasi gani.

Kilichotokea kwako usiku ule, hata hivyo, hakikupitia kwa mwajiri. Ulipokopa uliwapa ruhusa ya kuchota kwenye akaunti yako, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Uingereza unaiambia benki yako moja kwa moja kwamba umeifuta, na benki lazima itii. Tena tangu mwaka 2014 mkopeshaji wa huko akijaribu kuchota mara mbili akakosa, haruhusiwi kuendelea kujaribu. Marekani unaweza kuitaka benki isimamishe makato kama hayo ukiiarifu angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe yake. Wewe nenda benki wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Omba kwa maandishi ruhusa zote za wakopeshaji hao zifutwe, na ubaki na nakala yenye mhuri. Kama benki inasitasita, au kama deni mojawapo ni la benki hiyo hiyo, fungua akaunti kwingine usikodaiwa na uhamishie mshahara huko. Watakuambia unakimbia deni. Hukimbii, ila unachagua wewe nini kilipwe kwanza.

Na cha kwanza ni nyumba, chakula, umeme, maji, dawa na nauli ya kwenda kazini. Ukikosa nauli utakosa kazi, na ukikosa kazi hao watatu hawapati kitu. Kodi ya nyumba ukiikosa unatolewa nje. Mkopo huu usio na dhamana ukicheleweshwa unaleta simu na barua. Sikuambii usiulipe, nakuambia ukae nyuma ya chakula cha watoto. Andika kwenye karatasi mapato yako na hayo mahitaji, kwa ukweli, kisha uone kinabaki nini. Tuseme kinabaki 60, na wadai wako wanadai 100, 60 na 40, jumla 200. Wa kwanza ana nusu ya deni lote, apate 30. Wa pili apate 18, wa tatu 12. Kila mmoja apewe kulingana na ukubwa wa deni lake, si kulingana na anavyopiga kelele. Yule anayekutukana ndiye mtu angetamani kumlipa kwanza ili apumue, na wao wanalijua hilo.

Ila kabla ya kugawa, hakikisha unadaiwa nini hasa. Kwa kila kampuni omba nakala ya mkataba na taarifa ya akaunti inayoonyesha mkopo halisi, ada, faini na kila ulicholipa. Ukiona faini isiyokuwemo kwenye mkataba, ipinge. Uliza pia kama kwenu kuna kikomo cha gharama. Uingereza tangu Januari 2015 riba na ada za mikopo hii haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.8 ya mkopo kwa siku, faini ya kuchelewa haizidi pauni 15, na jumla ya gharama zote haiwezi kuupita mkopo wenyewe. Aliyekopa 100 hawezi kamwe kudaiwa zaidi ya 200. Afrika Kusini, sheria ya mikopo ya mwaka 2005 inasema ukishashindwa kulipa, riba na ada zinazoongezeka haziwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku uliposhindwa. Kwa vile wewe umekuwa ukisogeza muda mrefu, huenda umeshalipa kiasi ambacho kinabadilisha kabisa mazungumzo.

Angalia na leseni. Benki kuu au mamlaka ya huduma za fedha ya nchi huwa na orodha ya wakopeshaji walioruhusiwa. Benki Kuu ya Tanzania, kwa mfano, Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Uingereza kampuni isiyo na idhini kwa kawaida haiwezi kukulazimisha mahakamani ulipe. Kwingine sheria si kali hivyo, na kwa maoni yangu pesa uliyopokea uirudishe hata kama aliyekupa hana leseni. Lakini rundo la ada juu yake ni jambo la kujadiliana, na kampuni isiyo na kibali huwa haina hamu ya kufika mbele ya hakimu.

Kisha uwaandikie, wote watatu, kwa barua pepe au ujumbe unaoweza kuuhifadhi. Maneno machache yanatosha:

"Nakiri kuwa nilichukua mkopo kwenu na nakusudia kuulipa. Kwa mapato yangu ya sasa siwezi kulipa kwa mkupuo. Naambatanisha mchanganuo wa mapato na matumizi yangu, na napendekeza kulipa kiasi hiki kila tarehe hii ya mwezi, kuanzia mwezi huu. Naomba msimamishe riba na faini wakati nalipa, na mnitumie mkataba na taarifa kamili ya akaunti. Ruhusa ya kukata kwenye akaunti yangu nimeifuta. Mawasiliano yote yawe kwa maandishi kwangu mimi peke yangu; msiwasiliane na wafanyakazi wenzangu wala ndugu zangu."

Neno moja la tahadhari hapo. Kama lingekuwa deni la miaka mingi ningekuzuia kukiri chochote kabla ya kumwona mwanasheria, kwani madeni huwa na ukomo wa muda wa kudaiwa mahakamani, na katika nchi nyingi kukiri au kulipa kidogo huanzisha muda huo upya. Yako ni ya juzi, kwa hiyo kukiri hakukudhuru na kunaonyesha nia njema.

Mmoja au wawili watakataa. Watasema wanataka yote leo. Anza kulipa kiasi ulichopendekeza tarehe uliyosema, hata kama hawajakubali, na utunze risiti. Siku wakikushtaki, hakimu ataona mtu aliyekuwa akilipa kulingana na uwezo wake mbele ya kampuni iliyokuwa ikituma vitisho. Ukipokea wito wa mahakama, usiupuuze hata siku moja; soma siku ulizopewa kujibu, ujibu ndani yake, na uombe kulipa kwa awamu. Mahali pengi kuna vituo vya msaada wa kisheria na washauri wa madeni wasiotoza kitu. Uingereza na Wales kuna hata utaratibu wa siku 60 za kupumua, ulioanza Mei 2021, ambapo mshauri akikuandikisha, riba na ufuatiliaji wa madeni mengi husimamishwa. Uliza kama kwenu kuna cha namna hiyo. Yule mwenye matusi mpelekee malalamiko kwake kwanza kwa maandishi, halafu kwa mamlaka iliyompa leseni, na nakala kwa wanaosimamia taarifa binafsi. Kwenye simu yako iondolee programu yake ruhusa ya kusoma namba na jumbe. Walichokwisha kuchukua wanacho, lakini wasiongeze.

Limebaki la mume wako. Mwambie kabla barua haijafika nyumbani na kabla hawajampigia yeye, kwa kuwa namba yake nayo imo kwenye simu yako. Mwambie ukiwa na ile karatasi ya mapato na matumizi mkononi, uanze na hospitali, maana ndipo yote yalipoanzia, na mtoto aliyelazwa ni wake pia. Huenda akakasirika kwa kufichwa. Mpe nafasi akasirike. Lakini mpango wa kulipa kwa miezi kadhaa hauwezi kutimia kwa siri ndani ya nyumba moja, kwani utabana matumizi na ataona, na atajitafutia sababu yake mwenyewe.

Anza na benki, kesho asubuhi kama unaweza. Na kila deni litakapokwisha usitosheke na ujumbe wa "asante". Dai barua inayosema umelipa kamili na hudaiwi kitu, kisha baada ya wiki chache omba taarifa yako kwenye kampuni inayotunza kumbukumbu za wakopaji uone kama wamelifuta. Wapo wanaosahau, na wapo wanaouza deni lililokwisha kwa wakala mwingine anayeanza kupiga simu upya. Ukiwa na barua hiyo, mtumie nakala, na usimlipe kitu.

Shangazi